Ndugu wa Mpiga Pamba

Katika kikundi cha opera cha Mzee Duan, kilichozunguka vijiji vya kusini mwa Shanxi kwa mikokoteni ya punda, hakuna aliyependa kulala karibu na Qu Mantang. Mtu huyo hakuwa na utulivu. Usingizini alirusha miguu kama anayefukuzwa, na jua likichomoza lilimkuta keshafunga mzigo, keshawapa punda majani, anazunguka uani akiuliza wanangoja nini.

"Twende wapi, ndugu yangu?" Niu Sanbao, mchekeshaji wa kikundi, alimwambia akiwa bado kajifunika gubigubi. "Tumefika jana! Hata kunguni wa hapa hawajatujua majina."

Wenzake waliita hali hiyo kichaa cha miguu. Mzee Duan alijua zaidi, lakini hakupenda kusema. Mwaka ule wa njaa kuu, watu walipokula magome ya miti na udongo mweupe, kikundi kilipita kwenye kihekalu cha njiani kikakuta mtoto kafungwa kwa mshipi kwenye mguu wa sanamu. Baba yake alimfunga hivyo ili asimfuate. Mtoto alikuwa akilia kwa sauti iliyowafikia wangali ng'ambo ya korongo, na marehemu baba yake Duan, aliyekuwa bwana wa kikundi wakati ule, akasimamisha mkokoteni. Mantang alikua na swali moja ambalo hakuthubutu kumwuliza mtu: walimchukua kwa huruma au kwa sauti? Maana njia ilikuwa imejaa watoto mwaka ule, na wale wasio na nguvu ya kulia walipitwa.

Sauti ile ndiyo iliyomlisha baadaye. Ilipokomaa ikawa nzito, inatoka tumboni, inafika mpaka nyuma ya umati bila kupigiwa kelele. Wakampa nafasi ya Mungu wa Mji, yule mlinzi anayeketi hekaluni na kuhukumu walio hai na waliokufa. Siku ya kumcheza, Mantang alifukiza ubani, akapakwa uso rangi ya dhahabu na nyusi nyeusi zilizopanda mpaka kwenye paji la uso, na tangu brashi ya mwisho hakusema neno mpaka jukwaani. Watu wa opera walikuwa watu wa chini. Mkulima mwenye shamba la upana wa mkeka hakukubali kumwoza mwigizaji binti yake, wala kula naye meza moja. Lakini mwigizaji huyohuyo akitokea na uso wa dhahabu, mkulima alishusha macho na wanawake wa nyumbani kwake wakaunganisha viganja.

Mwaka wa pili tangu mfalme mtoto aondolewe, wakati wanaume wengine wamekata misuko yao ya nywele ya enzi ya kifalme na wengine wameificha ndani ya kofia, kikundi kilialikwa kucheza kwenye mji wa akina Pang. Ni mji mdogo juu ya kilima cha udongo wa manjano, na kila mwanamume wa pale aliitwa Pang. Jukwaa lilitazamana na hekalu, ili Mungu naye aone. Uwanjani watu walikaanga unga, walichemsha supu ya kondoo, na harufu ya siki ilikaba pua. Wanaume walisimama katikati. Wanawake walikaa kwenye mabenchi ya pembeni, nyuma ya kamba.

Alasiri ya kwanza, Mantang alipotoka na uso wake wa dhahabu na kwenda kukikalia kiti cha hukumu, mwanamke mmoja alipenya kati ya wanaume, akafika chini ya jukwaa, akapiga magoti na kugonga paji la uso ardhini. Nguo zake zilikuwa na vumbi la safari. Alipaza sauti kwa lafudhi ya Henan.

"Ewe Mungu wa Mji! Mume wangu aliingia hapa akiwa hai. Niambie yuko wapi!"

Watu wengine walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine, na Mantang aliliona hilo vizuri kutoka juu, hawakucheka kabisa. Waligeuza nyuso kana kwamba kila mmoja kaitwa na mtu wa nyuma yake. Mwanamke akamkazia macho. Mantang alifungua kinywa. Mistari yake ilikuwepo, ya mchezo, lakini haikumhusu mwanamke huyu. Pembeni, Mzee Duan alimpa mpiga ngoma ishara, ngoma ikavuma, na Mantang akaiimba mistari ile ile ya kila siku huku vijana wawili wa akina Pang wakimkokota yule mama kwa mikono mpaka nje ya uwanja.

Mchezo ulipokwisha, Mantang hakula. Tambi zikaganda bakulini. Alinawa uso kwa mafuta, akasimama, akakaa, akatoka, akarudi.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," alisema Sanbao. "Yule mama ni mwendawazimu. Kila sherehe ina mmoja."

"Wendawazimu hawatazami vile."

"Wanatazamaje? Niambie, nina shangazi mwendawazimu nikamkague."

Mantang alikwenda kumtafuta yule mama. Alimkuta nyuma ya mazizi ya punda, kakaa juu ya furushi lake, anatafuna mkate mkavu bila maji. Akampa kibuyu chake. Mwanamke alikunywa kwanza, ndipo akamtazama.

"Wewe ndiye mungu," alisema.

"Mimi ni mwigizaji tu, mama. Ile ni rangi."

"Najua ni rangi. Sijawa punguani." Alipangusa mdomo. "Watu wa hapa nimewauliza, wananipita kama moshi. Mungu wa hekaluni nimemwuliza, naye ni udongo, hajibu. Wewe una mdomo, na ukipakwa rangi wanakuogopa. Ndiyo maana nikaja kwako."

Jina lake lilikuwa Geng Suqin. Mumewe, Cui Genwang, alikuwa mpiga pamba, mmoja wa wale watu wa Henan wanaovuka Mto Manjano kila vuli na upinde mrefu mgongoni, wakiingia nyumba hadi nyumba kuzichambua kwa uzi wa upinde huo pamba kuukuu za matandiko mpaka zinyanyuke kama mawingu. Kila mwaka alirudi kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Mwaka juzi hakurudi. Suqin alingoja, akangoja tena, halafu akafunga furushi. Alifuata njia ya mumewe akiulizia mlio wa upinde. Kijiji kwa kijiji walimkumbuka, kwa sababu alipenda kuimba huku akipiga pamba, tena aliimba vibaya. Walimkumbuka mpaka kijiji kinachopakana na huu. Hapa hakuna aliyewahi kumwona.

"Yaani alipanda kilima hiki akayeyuka," alisema Suqin. "Nimekwenda mpaka kwa karani wa wilaya. Akaniambia nilete shahidi wa hapa. Shahidi wa hapa anaitwa Pang!"

"Huna ndugu wa kukusindikiza?"

"Shemeji yangu alisema kaka yake katoroka na mwanamke. Kwake ni nafuu kuamini hivyo." Alimrudishia kibuyu. "Sitaki kesi, Bwana. Sitaki mtu afungwe. Nataka kumpeleka nyumbani akalale na wazee wake. Basi. Hilo ni jambo kubwa?"

Mantang alirudi kambini na maneno hayo yakimwasha kama upupu. Alimweleza Mzee Duan, ambaye alikuwa akivuta kiko juu ya sanduku la mavazi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakung'uta majivu.

"Mantang, usinitilie mchanga kitumbua changu. Akina Pang wana akina Pang. Sisi tuna sisi. Yule mama ana watu wake huko Henan."

"Hapa hana mtu."

"Ndiyo maana ya kuwa mgeni. Unafikiri sisi tuna mtu hapa? Leo wanatupa supu kwa sababu tunawachekesha. Kesho tukiwaudhi, hakuna kijiji bonde hili lote kitakachotufungulia lango. Nina midomo mingapi ya kulisha?"

"Baba yako alisimamisha mkokoteni," Mantang alisema.

Mzee Duan alitia tumbaku mpya kwenye kiko. "Baba yangu hakuwa amealikwa na mtu siku ile," alisema. "Kalale."

Hakulala. Siku zilizofuata alicheza majenerali na mawaziri, na kila alipotoka jukwaani macho yake yalimtafuta Suqin. Mara alimwona karibu na kisima, mara langoni, akifukuzwa kama kuku na kurudi kama kuku. Nyakati za mchana Mantang alizunguka mji akijidai ananunua sindano, anatafuta kinyozi. Popote alipolitaja neno pamba, mazungumzo yalikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisaga ngano mbele ya nyumba yake, bibi kizee mwenye miguu midogo iliyofungwa tangu utotoni, alisimamisha jiwe la kusagia, akamtazama kwa namna ya mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha mwanawe akatoka ndani, na bibi akaendelea kusaga.

Alasiri ya mwisho ilikuwa tena zamu ya Mungu wa Mji. Uwanja ulifurika. Mzee Pang mwenyewe, mkuu wa ukoo, mtu mrefu mwenye ndevu za kijivu zilizochanwa, alikaa kwenye kiti cha mbele na buli lake la chai. Mantang alifukiza ubani, akapakwa rangi.

Katika mchezo ule mzimu wa mtu aliyedhulumiwa huja kushitaki, na Mungu wa Mji huuliza: nani atashuhudia? Hapo mwigizaji mwingine hutokea, mambo yakaendelea. Mantang alifika kwenye swali hilo, akasimama kitini. Hakumgeukia mwigizaji. Aliwageukia watu, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Cui Genwang, mpiga pamba, mtu wa Henan," alisema kwa ile sauti iliyotoka tumboni, "alipanda kilima hiki na upinde wake mgongoni. Yuko wapi? Nani atashuhudia?"

Mpiga ngoma alijaribu kumfunika. Mantang aliinua mkono, na ngoma ikanyamaza yenyewe, maana mpiga ngoma naye alikuwa ameingiwa na baridi. Mafuta ya kukaangia yalisikika yakichemka.

"Endelea na mchezo," alisema Mzee Pang bila kuinuka.

"Mchezo unaendelea," alijibu Mantang. "Nani atashuhudia?"

Mantang alijua wazi kwamba hakuna kitu zaidi ya swali hilo mkononi mwake. Wakiamua kumcheka, amekwisha. Akasikia mtu anakohoa upande wa wanawake. Yule bibi wa kusaga ngano alikuwa amesimama juu ya benchi, kashikilia bega la mwenzake.

"Alikuwa akipiga pamba nyumbani kwa Mzee Pang," alisema. "Akashikwa na homa."

"Mama, kaa chini!" mwanawe alipiga kelele kutoka kwa wanaume. "Bibi Xi, nyamaza!" wengine wakadakia.

"Ninyamaze nini tena? Nimenyamaza mpaka meno yameisha." Alimgeukia Suqin, ambaye alikuwa amesimama langoni kashika nguzo. "Mwanangu, waliogopa asije akafia ndani. Mgeni akifia nyumbani kwako askari wa wilaya wanakuja, na roho yake haitoki. Wakamlaza juu ya ubao wa mlango, wakampeleka kwenye tanuri la zamani la matofali, nje ya mji. Alikuwa bado hai. Alikuwa anaita. Upepo ulitoka upande ule, tulimsikia sote. Sote! Nilimpelekea uji mara moja, kisha mwanangu akafunga mlango. Alipoacha kuita wakamzika korongoni. Hilo ndilo nililoliona."

Kelele zilizolipuka hazikuwa za watu kubisha. Zilikuwa za watu wanaolaumiana. "Nilisema tumpeleke wilayani!" "Ulisema wapi? Wewe ndiye uliyeshika ubao!" Mzee Pang alinyanyuka sasa, na alipoinua mkono walinyamaza kwa mazoea. Hakumwangalia mungu wa dhahabu. Alimwangalia mtu aliyekuwa ndani.

"Wewe mwigizaji," alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa imechoka. "Nina ukoo mzima chini ya mikono yangu. Ingekuwa tauni je? Askari wangekuja je, watukamue hata mbegu za kupanda? Mtu sikumjua, baba yake sikumjua. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Mantang alitafuta jibu. Mungu wa Mji angekuwa nalo. Mungu ana mistari. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kuliko watu walivyotarajia.

"Sijui, mzee. Kweli sijui. Lakini mkewe yuko pale, na anataka mifupa."

Mzee Pang aligeuka na kuondoka uwanjani, buli lake likabaki kando ya kiti.

Kikundi hakikupewa chakula cha kuagwa. Walifungasha jua likiwa bado juu, na mawe mawili matatu yaliwasindikiza. Kwenye njia panda chini ya kilima Mzee Duan alisimamisha mkokoteni wa mbele, akashuka, akamkabidhi Mantang furushi lake.

"Nimekulea," alisema. "Lakini sina budi. Wakisikia uko nami hawatatuita."

"Naelewa, Mzee."

"Huelewi kitu. Ungeelewa usingefanya." Aligeuza uso. "Ulikuwa mzuri pale juu. Laana yako, ulikuwa mzuri sana."

Ndivyo unga wa Mantang ulivyomwagika. Sanbao alimtupia mfuko wa kunazi zilizokaushwa kutoka juu ya masanduku na kumwambia asizimalize zote leo kwa wasiwasi wake, na mikokoteni ikaenda.

Mantang alirudi kumtafuta Suqin, na alfajiri ya pili Bibi Xi aliwaongoza wote wawili mpaka korongoni, akitembea kwa visigino kwa sababu ya miguu yake, na mwanawe, aliyekuwa amemfungia mlango, alibeba jembe nyuma yake. Kaburi lilikuwa tuta tu la udongo chini ya mti wa porini. Walichimba. Mifupa ilipoanza kuonekana, Suqin alipiga magoti, lakini Bibi Xi alimshika mkono Mantang aliyeinama kumsaidia.

"Wewe usiguse. Mifupa haiguswi na mtu baki. Ni ya mwana, au ndugu."

"Hatukujaliwa mtoto," alisema Suqin. "Na ndugu yake hakuja."

Walitazamana. Mwana wa Bibi Xi aliangalia pembeni. Yeye pia hakuwa ndugu, na aliyajua yaliyompata marehemu.

Mantang hakufikiri sana. Angefikiri, miguu yake ingemchukua. Alipiga magoti kwenye udongo, akaomba kile kichupa cha pombe walichokuja nacho kuoshea mifupa, akamimina kidogo ardhini na kunywa funda moja. "Cui Genwang," alisema, "hatukuonana. Mimi ni Qu Mantang, sina baba wala kaka. Kuanzia leo ni ndugu yako, na wako ni wangu. Nikikuacha njiani, niachwe njiani."

"Nani mkubwa?" Bibi Xi aliuliza. "Lazima ijulikane nani mkubwa."

"Yeye alizaliwa mwaka wa Farasi," alisema Suqin.

"Mimi mwaka wangu siujui," alisema Mantang.

Suqin alimkagua, nywele, mikunjo, kama mtu anayepima mbuzi sokoni. "Basi wewe ni mdogo," aliamua. "Haya shemeji, anza na miguu. Mtu huinuliwa kuanzia miguuni."

Waliosha mifupa kwa pombe, wakaipanga kwenye kitambaa chekundu na kuizungushia pamba. Upinde haukupatikana, kuna aliyeutumia kama kuni. Mantang alijitwika mzigo ule, nao ulikuwa mwepesi kiasi cha kumtia hofu, na akabadilisha bega mara kwa mara ingawa haukumchosha. Kivukoni mwendesha mashua alinusa jambo.

"Humo mna nini?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu yako mzima?"

"Angekuwa mzima angekulipa mwenyewe."

Mwendesha mashua alikataa, akaapa, akakubali kwa sharti kwamba wachome kwanza karatasi za sadaka ya wafu na Mantang akae upande wa nyuma. Mto ulikuwa umejaa tope na haukuwa na haraka. Mantang alikuwa nayo. Suqin alimwambia akae, mashua inayumba.

Kwa njia yote ile hawakulala nyumba moja. Suqin aliomba hifadhi kwa wanawake, Mantang kwenye mazizi. Hata hivyo walipofika kijijini kwake, kwenye zile nyumba za mapango zilizochongwa ukingoni mwa bonde, uvumi ulikuwa umeshatangulia. Cui Genfu, mdogo wake marehemu, alisimama mbele ya lango na jembe la kupalilia.

"Umerudi," alimwambia Suqin. "Na mwanamume."

"Nimerudi na kaka yako."

Genfu alitazama lile furushi jekundu. Mkono wake uliteleza kwenye mpini wa jembe, lakini hakurudi nyuma. "Na huyu ni nani?"

"Ndugu wa kaka yako," alisema Mantang.

"Kaka yangu ana ndugu mmoja, ni mimi. Mlikutana wapi?"

"Korongoni, Shanxi."

"Lini?"

"Alipokuwa amekwisha kufa."

Majirani waliokuwa wamekusanyika walinong'ona. Mmoja alicheka. Genfu hakucheka. Alitaka kusikia tangu mwanzo, na Suqin akamwambia, akiwa amesimama palepale njiani, bila kuongeza wala kupunguza: tanuri, ubao wa mlango, upepo, bibi mwenye uji. Alipofika kwenye kuita, Genfu alilitua jembe chini taratibu kama kitu kinachovunjika.

"Nilisema katoroka na mwanamke," alisema. "Nililisema mbele za watu."

"Ulilisema," alisema Suqin.

Walizika siku iliyochaguliwa na mtu wa nyota, kwenye shamba la wazee. Kwenye msafara Genfu alitangulia kama ndugu, na Mantang akajiweka mwisho kabisa, nyuma ya binamu wa mbali na jirani kiziwi, kwa sababu hakuwa na nguo ya msiba. Msafara ukasimama. Genfu alirudi nyuma kupita watu wote, akaichana kanzu yake ya msiba ya katani kuanzia upindoni, akamfunga Mantang kitambaa kichwani, kwa nguvu, karibu kumuumiza.

"Njoo mbele," alisema kwa ukali. "Ndugu mdogo anatembea nyuma ya ndugu mkubwa. Hata hilo hukufundishwa?"

Walimpa pango dogo lililokuwa ghala. Alikaa pale kiangazi kizima, akapalilia, akachota maji. Wakati wa jioni watu walimwomba aimbe, akaimba, na watoto walimwita Baba Mdogo. Hakuna aliyemtakia ubaya. Lakini ule ukuta wa udongo uliomzunguka pande tatu ulimkaba. Aliamka akiwa ameshavaa viatu. Siku moja Suqin alimkuta amesimama ukingoni mwa bonde, anaangalia vumbi la mikokoteni barabarani, na mguu wake mmoja unatapatapa wenyewe.

"Nenda," alimwambia.

"Niliapa."

"Uliapa hutamwacha njiani. Hayuko njiani." Alikuwa amekasirika, na alikuwa akimfungia mikate huku amekasirika. "Usinitazame hivyo. Mimi nilitembea na wewe, unadhani sijui? Hukukaa kitako hata kwenye mashua. Nenda, lakini ukipita karibu bila kutubishia hodi, nitakuja mimi kukutafuta, nawe unanijua nikianza kutafuta."

Alijua.

Alijiunga na kikundi kimoja upande wa Shaanxi, kisha kingine. Baadaye Mzee Duan alimtumia ujumbe. Mtu aliyepewa nafasi ya Mungu wa Mji badala yake alikuwa na sauti ya mbuzi. Mantang alirudi kwa mzee wake, wakasalimiana kama watu walioachana jana. Lakini habari zilikuwa zimeenea bondeni. Kila alipotokea na uso wa dhahabu walikuwepo watu wamepiga magoti chini ya jukwaa: mjane aliyeporwa shamba, mchuuzi aliyepigwa, mama wa kijana aliyepotea. Walikuwa wengi, na hakuwa na lolote la kuwapa zaidi ya swali. Mara nyingine aliuliza, na mara nyingine hakuna aliyejibu, na mtu aliyepiga magoti aliondoka mzito kuliko alivyokuja. Hatimaye akamwomba Mzee Duan amtoe kwenye nafasi hiyo. Akacheza majenerali mpaka sauti ilipoanza kupasuka. Kuhusu mji wa akina Pang alisikia tu kwamba walibomoa lile tanuri na matofali yake wakayatawanya. Walifanya hivyo kwa aibu, au ili pasiwe na mahali pa kunyoshewa kidole? Hakwenda kuuliza.

Ng'ambo ya mto alipita kila kikundi kilipokaribia. Mwaka mmoja alifika wakati wa mavuno, karibu na adhuhuri, akamkuta Genfu kwenye uwanja wa kupuria ngano, kifua wazi, makapi yamemjaa kwenye nyusi.

"Ahaa!" Genfu alimpigia kelele kabla hajasalimiwa. "Bwana mkubwa wa opera! Ndugu gani wewe? Unakuja ngano ikishakatwa, ikishabebwa, imebaki mikate tu. Shemeji! Njoo umwone anayekuja na tumbo lake!"

"Mwache anywe maji kwanza," Suqin alijibu kutoka ndani.

"Atakunywa akimaliza." Genfu alimrushia fimbo ya kupuria. "Pale, upande ule. Na usiimbe, unanivuruga mapigo."

Mantang alivua koti, akatema mate viganjani, akapura. Alipura mpaka jua likaelemea upande wa pili, wakipishana mapigo, yeye na Genfu. Kisha wakala chini ya kivuli cha ukuta, mikate ya mvuke na vitunguu, na Suqin alimweleza nani kafa na nani kaoa. Alipokuwa akimwongezea uji, aliona kwamba macho ya Mantang yameshaanza kupanda ile njia inayokwenda kivukoni.

"Angalau maliza bakuli," alisema.

Akalimaliza.